Maji ya Miwa Usoni

Chawia
Jumanne, 27 Mei 2025

Kwa mjukuu wangu Wakio,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Jumamosi ulikuwa na haraka ya kunisindikiza getini, na shikamoo yako ikasahaulika njiani. Naitikia mapema ili nisikudai.

Huku tuzima. Maharagwe yametoa maua, ila tumbili wa msituni wanajua saa yangu ya kwenda kanisani kuliko kasisi mwenyewe. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Baba yako akaniuliza kwa simu nitamwitaje, nikamwambia nimeshapata taabu ya kutosha na majina. Kuna mjukuu wangu alizaliwa usiku, tukamwita Wakio, na sasa nasikia huko shuleni ni Shanice tu. Sikatai, Shanice nalo ni jina lako, liko kwenye kadi ya kliniki. Nashangaa tu lile lingine limekwenda wapi.

Barua hii anakuletea Maundu, yule wa kabichi. Kila Jumatano anapeleka mboga jikoni kwenu, na mpishi amekubali kukupa. Simu hamruhusiwi, basi na turudi kwenye kalamu. Mkono wangu nao unahitaji mazoezi.

Sasa ile ya Jumamosi. Nilikuja na kimanga cha viazi na maharagwe kwa sababu tangu Kidato cha Kwanza, kila siku ya kutembelewa, umekuwa ukikila mpaka unakwangua sufuria. Safari hii hata kifuniko hukufunua. Ulisema umeshiba. Nikatazama pembeni nikamwona Mwanamvita, jirani yenu wa Kaloleni, amefungua pilau, na wewe na Rayhana wake na wasichana wengine mmelizunguka. Sikuona ubaya. Pilau la Mwanamvita hata mimi nalitaka.

Lakini nilikuwa na kitu kingine kifuani, na hicho sikutaka kurudi nacho. Aprili yote ulikuwa likizoni, na hukupanda huku hata siku moja. Nilikasirika, na sikumwambia mtu. Wewe unajua kwetu: hasira ya mzee ikilala kifuani humtafuta mtoto yenyewe, hata mzee asipotaka. Ndiyo maana tunatasa, tunaitema nje. Nikachukua funda la maji ya miwa, nikasema, "Kama nilikuwa na neno na mtoto huyu, limetoka. Asome, alale, awe mzima," nikakupulizia usoni. Mama yangu alinifanyia hivyo, na mama yake alimfanyia yeye. Kasisi akiniuliza namwambia ni maji ya miwa, si tembo, na Jumapili nakaa benchi la mbele kama kawaida.

Ulirudi nyuma utadhani umemwagiwa maji ya moto. Ukajifuta kwa kiganja, ukajifuta kwa sweta, halafu ukaazima leso ya yule msichana mrefu. Kisha ukaniambia, "Nyanya, gari zitaisha." Saa saba mchana, gari zitaisha!

Sikukasirika. Nauliza tu, yalikuingia machoni? Maji ya miwa huwasha.

Nyanya yako,
Wakesho


Voi
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa Nyanya,

Shikamoo, na samahani kwa ile ya Jumamosi ambayo haikufika. Natumaini wewe na ndama hamjambo. Mimi mzima. Tumemaliza mitihani midogo ya katikati ya muhula, hesabu ilikuwa ngumu, Kiswahili nimepita vizuri. Rayhana anakusalimu. Baba alipiga simu kwa mwalimu wa darasa, akasema nyumbani Kaloleni wote wako salama na Mama ameongeza stoki dukani.

Hayakuniingia machoni. Asante kwa kuuliza.

Nyanya, kuna kitu nataka kusema, na nimeshapasua karatasi mbili. Tafadhali usinielewe vibaya. Wasichana wengi hapa ni wa Mombasa na Nairobi, hawajui mambo yetu. Wewe ulikuwa unatasa. Wao waliona mtu anamtemea mtu usoni. Tulipoingia bwenini jioni, Mumo, huyo mrefu mwenye leso, akaniuliza mbele ya watu wote, "Shanice, yule mathe amekutemea ama ni macho yangu?" Wote wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina langu likawa Shawa, kama ile ya bafuni. Nikipita kwenye foleni ya chakula mtu anasema, "Jamani fungueni mwavuli." Hata wa Kidato cha Pili.

Na kimanga pia. Mmoja alifunua sufuria akasema kinaonekana kama kimeshatafunwa na mtu mwingine. Sikukasirika naye kwa sababu niliangalia nikaona kweli kinafanana hivyo. Nilikula baadaye lakini, usiwe na wasiwasi.

Ninachoomba ni kidogo tu. Ukija tena shuleni, usifanye kile kitu. Na kama utaleta chakula, si lazima kimanga. Kuku na chapati ni sawa, au hata mkate, wala si lazima ulete kitu. Nyumbani ni nyumbani, lakini hapa ni shule.

Sasa hivi hawanicheki sana. Kuna kitu niliwaambia, wakaacha. Kwa hivyo mambo yametulia, usijali.

Wako mpendwa,
Shanice Wakio


Chawia
Jumanne, 17 Juni 2025

Kwa Wakio,

Marahaba, mbili kwa pamoja.

Barua yako imechelewa kwa sababu pikapu ya Maundu ililala Mwatate, ikalala na barua. Imenifikia inanuka kabichi. Tuzima, baridi imeanza, nalala na soksi za marehemu babu yako. Ndama nimemwita Shawa.

Natania. Nimecheka niliposoma jina hilo, nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikaacha. Nikajiona niko pale uwanjani na shanga zangu za kanisani na chupa mkononi, nikajitazama kwa macho ya hao wasichana. Sikupenda nilichokiona. Kwa hivyo nakuahidi sitatasa tena shuleni. Sisi wenyewe hatukuulizwa kama tunataka, tulisimama tukapuliziwa, tukaenda zetu kuteka maji. Lakini huenda zamani hakukuwa na Mumo.

Kuhusu kimanga, sina la kusema. Viazi, maharagwe, mwiko na mkono unaouma. Kama kinafanana na kilichotafunwa, basi ugali unafanana na sabuni, na hakuna anayelia.

Ila nikuulize swali moja. Watoto wakipata cha kucheka hawakiachi bure. Lazima uliwapa kitu badala yake. Uliwaambia nini?

Tarehe ishirini na sita mnatoka likizo fupi. Panda huku japo kwa siku mbili. Sitakupikia chochote usichotaka. Tutakula mkate.

Methali ya mkataa kwao unaijua, siiandiki hapa, usije ukasema nakuhubiria.

Nyanya


Voi
Jumanne, 1 Julai 2025

Mpendwa Nyanya,

Shikamoo. U hali gani na baridi? Samahani sikuja Chawia. Siku zilikuwa chache, na Mama alitaka nimsaidie dukani, na pia nilikuwa na kazi nyingi za shule. Wikendi iliisha kabla sijafungua begi.

Baba atakuwa Taveta mwezi huu wote, wamempeleka kazini upande wa Bomeni. Nakuambia kwa sababu kuna mkutano wa wazazi wa Kidato cha Tatu tarehe kumi na mbili, wa kupewa ripoti za masomo. Mama hawezi kufunga duka Jumamosi. Kama Baba atakuomba uje, mwambie si lazima. Mwalimu anaweza kumpa ripoti baadaye. Magoti yako yanauma, na kushuka mpaka Voi kwa ajili ya karatasi moja ni mateso ya bure. Nakuonea huruma tu.

Kuhusu swali lako, sikusema kitu kikubwa. Nilibadilisha tu mazungumzo.

Wako,
Shanice


Chawia
Jumanne, 15 Julai 2025

Kwa Shanice,

Tuzima. Nimevuna maharagwe. Ndama anakua.

Leo ni Jumanne, tarehe kumi na tano, mwezi wa saba, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano. Niko Chawia, Kaunti ya Taita Taveta. Jina langu ni Wakesho. Nina watoto wanne, na wa pili ni Titus, baba yako.

Sina hasira.

Wakesho


Voi
Jumapili, 20 Julai 2025

Nyanya yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaiitikia. Sina habari za nyumbani za kukupa, na zile za shule zote ni mbaya, kwa hivyo naenda moja kwa moja.

Barua yako ilifika Jumatano. Nilisoma "Kwa Shanice" nikairudia mara ya pili. Hujawahi kuniita hivyo. Halafu nikasoma zile tarehe na majina, na sikuelewa. Nilifikiri unanitania. Nikaiweka chini ya godoro, na kila siku nikawa naitoa.

Leo baada ya chakula cha mchana Rayhana alinivuta nyuma ya kamba za kuanikia nguo. Mama yake alikuwa hapa kwenye mkutano wa tarehe kumi na mbili, na jana alimtumia ujumbe kwa mwalimu wa dini. Rayhana aliniambia, "Wakio, mimi nimenyamaza kwa sababu yako, lakini sasa kunyamaza kwangu kumekuwa dhambi. Bibi yako alikuja. Alikalishwa getini kwenye benchi la mlinzi, akaulizwa maswali kama mtoto mdogo. Mama ndiye aliyemtoa. Na wewe wajua kwa nini."

Najua kwa nini. Wewe pia unajua, walikuambia. Lakini hujasikia kutoka kwangu, na ninataka usikie kutoka kwangu.

Siku chache baada ya ile jioni ya Shawa, Mumo aliponiuliza tena kama ulinitemea, niliwaambia wote bwenini akili zako si sawa. Nilisema ni ugonjwa wa uzee, kwamba unasahau watu na wakati mwingine unatemea. Nilisema, "Msimcheke, ni mgonjwa." Kicheko kikakatika hapo hapo. Mumo akanikumbatia. Akaniambia babu yake aliye Machakos ana ugonjwa huo, hamjui tena, anamwita kwa jina la dada yake aliyekufa. Alilia, Nyanya, na mimi nikakaa pale nimekumbatiwa, nikaona afadhali hivyo kuliko Shawa.

Mumo ndiye aliyemwambia metroni, Bi Kilonzo, kwa wema tu. Bi Kilonzo akaniita ofisini, akaniuliza kama ni kweli. Hapo ndipo ningeweza kusimamisha kila kitu. Nilitikisa kichwa tu kukubali. Akanipa chai ya maziwa, akaniambia niwe na moyo, akasema atawaambia walinzi kwamba yule mama mzee akija peke yake asiachwe kuzunguka, asije akapotea. Nikanywa ile chai yote.

Ndiyo maana sikutaka uje. Haikuwa magoti yako.

Niliposikia hayo ya benchi nilimuuliza Rayhana mbona hakuniambia ukweli mapema. Akasema, "Ukweli wote ulikuwa nao wewe. Bibi yangu mimi akinisomea dua hunipulizia uso mzima, na mate yamo humo humo. Mbona mimi hukunicheka?" Nimelala nyumbani kwao mara nyingi, nimeona akipuliziwa, na niliona ni kitu kizuri. Kwao niliona ni dini. Kwetu niliona ni ushamba.

Nilienda kwa Bi Kilonzo mchana huo huo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Akasema, "Nilimuuliza yule mama kama anakumbuka jina lake." Alifunika uso. Hakunipiga wala hakunifokea. Amesema atakuandikia yeye mwenyewe, na adhabu yangu ataipanga na mwalimu mkuu.

Jioni baada ya maombi nikasimama bwenini. Nikasema yule ni nyanya yangu, anaitwa Wakesho, akili zake ni timamu kuliko zangu, alichofanya kinaitwa kutasa, anatoa hasira ili isinidhuru, na mimi ni Mtaita wa Chawia. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Mumo alitoka kitandani kwake, akasimama mbele yangu akasema, "Babu yangu hanijui tena, na wewe umeigiza?" Nikamwomba msamaha, akarudi akajifunika blanketi. Nyanya, ningependa waniite Shawa mpaka Kidato cha Nne kuliko kusikia hilo.

Bado kuna mengine. Kimanga sikula. Nilikimwaga kwenye pipa la nguruwe nyuma ya jikoni, nikaosha sufuria haraka watu wasione. Na Aprili sikuja kwa sababu Mumo aliwahi kusema, "Wewe huongei kama Mtaita," na nilifurahi utadhani nimepewa zawadi. Niliogopa nikikaa Chawia mwezi mzima nitarudi na lafudhi. Sasa ukikumbuka kwamba ulikuwa na hasira ya Aprili, jua ulikuwa na haki ya kuwa nayo zaidi.

Umeandika huna hasira. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayesema anayo huitoa, na anayesema hana, hiyo ndiyo ya kuogopwa. Siogopi kuugua. Naogopa utaniitikia marahaba mpaka siku moja tutakapoachana, na bado itakuwa humo kifuani.

Tafadhali nitasie. Hata kwa mbali, hata ukiwa mlangoni tu. Ukitaka kuja shuleni kunifanyia mbele ya watu wote nitasimama, na sitajifuta.

Mjukuu wako, ukikubali,
Wakio


Chawia
Jumanne, 29 Julai 2025

Kwa Wakio,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Maundu alipoileta Jumatano aliniuliza kama nitakuwa na jibu, nikamwambia apite na kabichi zake. Baba yako amerudi kutoka Taveta, amesikia, amefoka, nimemwambia anyamaze, hii ni yetu wawili. Metroni wenu ameniandikia barua ya heshima. Si mtu mbaya, yule.

Uliniambia yako, na mimi nikuambie yangu. Nilishuka na blauzi ya kanisani na sufuria ya kuku. Kuku, Wakio, na chapati, ulivyotaka. Getini mlinzi akaniuliza jina la mwanafunzi, nikasema. Akanitazama, akaniletea benchi. Nikaona vijana wa siku hizi wana adabu. Metroni akaja, akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa sauti kubwa kama mtu anayezungumza na kiziwi, "Mama, unajua leo ni siku gani?" Nikasema Jumamosi. "Umekuja na nani?" Nikasema na miguu yangu. Nikacheka, nikidhani ni mchezo. Hakucheka. Akaniuliza niko mji gani, nina watoto wangapi, nani kanivalisha. Kila nilivyojibu sawasawa ndivyo alivyonionea huruma zaidi. Wakaniletea uji kwenye kikombe cha plastiki, mlinzi akakishika chini nisije nikamwaga.

Nikamwambia nimekuja kuchukua ripoti. Akasema, "Usijali, Mama, Shanice ametueleza hali yako." Nikafikiri wamekosea mtu. Nikafikiri kuna Shanice mwingine ana nyanya mwingine, na nikamhurumia huyo nyanya. Ilinichukua muda kujua ni mimi.

Sikutoka peke yangu. Nilipoinuka, mlinzi alisema nisubiri mtoto wangu aje anichukue. Ni Mwanamvita aliyesema, "Huyu ni jirani yetu, niachieni mimi." Nikakabidhiwa mikononi mwake kama mbuzi aliyepotea. Sufuria ya kuku nilimwachia yeye, sikuwa na nguvu ya kuirudisha mlimani.

Na sasa nikuambie kilichoniuma, maana si benchi wala uji. Nikiwa njiani kurudi nilianza kujiuliza mwenyewe. Leo siku gani. Mwezi gani. Nikawataja watoto wangu kwa mpangilio, halafu nikawataja tena, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimemruka mmoja. Nilifika nyumbani nikatafuta funguo nikiwa nazo mkononi, na nikaketi kizingitini nikaogopa. Nikasema, labda mtoto ameona kitu ambacho mimi sikioni. Mtoto wangu mwenyewe hawezi kunisingizia. Wiki nzima kila nikisahau kitu, hata chumvi, moyo ulikuwa unaruka. Hilo ndilo ulilonipa, Wakio. Ulinifanya niiogope akili yangu.

Ilipofika barua yako nililia kwa furaha kwamba ni uongo. Halafu nikalia kwamba ni uongo wako.

Kwa hivyo ndiyo, ninayo hasira. Ile barua yangu fupi ilikuwa ya mtu mzima anayejifanya jiwe, na ninaona aibu kwayo. Na nina aibu nyingine. Siku ile ya Mei nilisema nimekutasia kwa ajili ya Aprili. Si kweli yote. Nilikuona umelizunguka pilau na sufuria yangu imefungwa, nikataka wale wasichana wajue wewe ni wa nani. Ningeweza kukuita kando nyuma ya jengo. Nilichagua katikati ya uwanja. Kinywa kilikuwa kinabariki, moyo unashindana na Mwanamvita. Kutasa kwa namna hiyo ni kutema mate tu, na hao wenzako waliona vizuri kuliko wewe na mimi.

Usinialike nije nikufanyie mbele ya watu. Sitaki kuwa onyesho, na wewe hutakuwa sadaka. Na huyo Mumo, usimkimbilie kumwomba akusamehe kila siku. Umemwomba mara moja. Sasa mwache akunyime mpaka achoke, hiyo ni haki yake.

Uliomba nikutasie hata kwa mbali. Jumapili baada ya ibada nilikata mua, nikautwanga, nikaukamua. Nikasimama mlangoni nikielekea Voi. Nikachukua funda. Nikakutaja moyoni kwa majina yote mawili. Yale maneno yalikuwa tayari, ninayajua tangu utoto. Nikawaza lile benchi, nikawaza kichwa chako kikitikisika mbele ya ile chai, na koo likafunga.

Nikameza.

Sijawahi kumeza maishani. Mama yangu angenikimbia. Nilisimama pale na utamu kooni, nikajua hasira haiwezi kutoka kwa barua, wala kwa kuelekea upande ulipo. Sikwambii haya ili uogope, nakwambia ili usije ukadhani yamekwisha kwa sababu tumeandikiana vizuri.

Ijumaa shule inafungwa. Usiteremkie Kaloleni, mama yako nimeshamwambia. Panda moja kwa moja huku, ukae likizo yote, uvune mahindi nami, urudi na lafudhi. Utakaa mbele yangu kwenye kile kigoda, tutasemezana kwanza, yote, hata yakituchukua siku ngapi, na nikiona koo limefunguka nitachukua funda.

Vaa nguo ya shambani, kwa sababu sikusudii kumeza tena.

Nyanya